Mnara na Mwenge: Lugha ya Ukumbusho wa Uhuru Kutoka Mnazi Mmoja Hadi Ndalambo

1.0 Utangulizi

Kila taifa la Afrika lililopata uhuru wake katikati ya karne ya ishirini lilikabiliwa na swali ambalo halikuwamo katika katiba yake: tukio la usiku mmoja litakumbukwaje na watu ambao hawakuwapo? Mataifa mengi yalilijibu swali hilo kwa mawe, saruji na shaba. Kampala ilipata sanamu iliyochongwa na Gregory Maloba kwa ajili ya uhuru wa Uganda wa mwaka 1962, inayoonyesha mtoto akiinuliwa juu. Nairobi iliutenga uwanja ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, na baadaye ikajenga humo minara ya ukumbusho. Lusaka, mwaka 1974, ilisimamisha sanamu ya mtu anayekata minyororo. Dar es Salaam nayo ina mnara wake wa uhuru katika viwanja vya Mnazi Mmoja: nguzo nyeupe ambayo kileleni mwake umewekwa mfano wa mwenge.

Mnara huo uko mbali na wananchi walio wengi. Kwa mkazi wa Ndalambo, kata iliyomo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, kwenye ukanda wa mpaka wa Tanzania na Zambia, safari ya kwenda kuutazama ni ya zaidi ya kilomita 900. Wapo waliozaliwa, wakakua na wakazeeka huko bila ya kuuona. Je, watu hao hawana mnara wa uhuru? Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba wanao, ila si wa jiwe. Tanzania iliuweka ukumbusho wake mkuu wa uhuru katika kitu kinachobebwa, na namna kitu hicho kilivyochaguliwa, kilivyopewa jina na kinavyosemwa inaeleweka vizuri zaidi kwa kuichunguza lugha ya Kiswahili yenyewe. Aidha, mhadhara unakusudia kuonyesha upungufu mmoja wa ukumbusho huo, ambao wanafunzi wa lugha wanaweza kuurekebisha iwapo hawatachelewa.

2.0 Mnara, Sanamu na Ukumbusho

Inafaa kuanza na majina ya vitu. Kiswahili kina maneno matatu ambayo hutumika sana panapozungumzwa alama za kumbukumbu ya taifa: sanamu, mnara na ukumbusho. Kila moja lina historia yake.

Sanamu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kinyago kinachoabudiwa. Lilipoingia katika Kiswahili lilipanuka, likawa na maana ya umbo lolote lililochongwa au kuchorwa, lakini harufu ya asili yake haikutoweka yote. Katika jamii ya pwani yenye mizizi ya Uislamu, kumsimamishia mtu sanamu barabarani halikuwa jambo la kawaida. Sanamu za watu ziliingia Dar es Salaam pamoja na dola za kigeni. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana na kamanda aliyeongoza vita vya kuitwaa pwani. Chini ya miguu yake aliwekwa askari Mwafrika akimtazama bwana wake aliye juu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiondoa sanamu hiyo, na mwaka 1927 wakaizindua ya kwao, ile ijulikanayo hadi leo kama Sanamu ya Askari, iliyobuniwa na James Alexander Stevenson. Safari hii askari amesimama peke yake, bunduki mkononi, bila bwana wa kumtazama. Maandishi yake, ambayo matini ya Kiingereza ilitungwa na Rudyard Kipling, yamewekwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa hati ya Kiarabu.

Ikumbukwe kwamba mwaka huo wa 1927 Kiswahili kilikuwa bado hakijasanifishwa. Mkutano wa Mombasa ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifanyika mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Hivyo basi, Kiswahili kilichongwa kwenye jiwe la ukumbusho wa dola kabla dola hiyo haijakubaliana kiandikwe vipi. Maandishi hayo yanawataja pia wapagazi kwa kuwafananisha na viungo vya mwili wa jeshi. Lakini wapagazi hawakupewa umbo. Ukumbusho wao ulio hai zaidi haumo katika shaba bali katika neno: Kariakoo, jina lililotokana na matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Kutoka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja ni mwendo mfupi wa miguu.

Neno la pili, mnara, lina tabia nyingine. Nalo asili yake ni Kiarabu, kutoka mzizi unaohusu nuru. Maana yake ya awali ni mahali penye mwanga, yaani pale moto unapowashwa ili waonao kwa mbali wajue njia. Kiswahili kililipokea neno hilo na, kwa kuwa lilianza na m, likaingizwa katika ngeli ya mti na miti: mnara, minara. Tofauti na sanamu, mnara ulikuwa na makazi ya zamani pwani. Kulikuwa na minara ya misikiti, na kulikuwa na makaburi ya minara kama yale ya Kaole na Kunduchi, ambapo nguzo ya mawe ilisimamishwa juu ya kaburi la mtu mwenye heshima. Nguzo hizo hazina sura ya mtu. Zinasema tu kwamba hapa yupo wa kukumbukwa.

Kwa hiyo, uhuru wa Tanganyika ulipotafutiwa alama katika Mnazi Mmoja, nguzo nyeupe isiyo na sura ya mtu haikuwa ngeni. Uwanja wenyewe ulikuwa na maana yake. Katika mpango wa mji wa kikoloni, Mnazi Mmoja ulikuwa eneo la wazi lililotenga sehemu ya Waafrika na sehemu za Wahindi na Wazungu. Mahali palipokusudiwa kugawa watu ndipo palipowekwa alama ya kuwaunganisha.

Neno la tatu, ukumbusho, halikukopwa. Limejengwa kutokana na kitenzi kumbuka, kikapewa kiambishi cha usababishi kikawa kumbusha, kisha kikafanywa nomino. Sarufi ya neno hili inafundisha jambo. Kumbukumbu ni kile kilichobaki moyoni. Ukumbusho ni kile kinachomfanya mwingine akumbuke. Panapotajwa ukumbusho lazima pawepo mkumbushaji na mkumbushwaji. Jiwe linaweza kuwa mkumbushaji, lakini kwa yule tu anayepita mbele yake.

3.0 Uhuru: Kutoka Kuachwa Hadi Kudai

Kabla ya kuuliza ukumbusho wa uhuru ulikuwaje, ni muhimu kuuliza uhuru wenyewe ulikuwa neno gani. Neno huru, kutoka Kiarabu, katika Kiswahili cha karne ya kumi na tisa lilikuwa na maana ya kisheria iliyo finyu: mtu asiye mtumwa, na hasa mtumwa aliyeachiliwa. Kwa kiambishi u- cha dhana, likawa uhuru, sambamba na utumwa na uungwana. Kitenzi kilichoandamana nalo mara nyingi kilikuwa katika hali ya kutendwa: mtu aliachwa huru. Mwenye kutenda alikuwa bwana, kadhi au serikali. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na katika miaka hiyo yote uhuru ulikuwa kitu ambacho mmoja humpa mwingine.

Katika jamii hiyo, aliyeachwa huru hakuhesabiwa mara moja kuwa mwungwana. Uungwana ulikuwa wa kuzaliwa nao. Uhuru ulikuwa wa kupewa. Ni jambo la kuzingatia basi kwamba chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, hakikujenga siasa yake juu ya neno uungwana, ambalo lilikuwa na heshima kubwa zaidi pwani. Kilichukua neno la yule aliyewahi kufungwa. Sababu inaonekana katika maana yenyewe. Uungwana ungewatenga wengi, hasa watu wa bara ambao hawakuwa na nasaba za miji ya pwani. Uhuru uliweza kumhusu yeyote aliyejiona yumo chini ya mamlaka ya mwingine, awe Dar es Salaam au Ndalambo.

Lakini neno halikubaki lilivyokuwa. Vitenzi vyake vilibadilika. Kutoka kuachwa huru, Watanganyika walianza kusema kudai uhuru, kupigania uhuru na, baada ya 1961, kupata uhuru na kulinda uhuru. Mabadiliko haya yana uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Aliyekuwa mtendwa amekuwa mtenda. Mtu anayedai haombi, anakumbusha deni. Ndiyo maana sanamu ya mtu anayevuliwa minyororo haikuwa alama iliyotosha kwa mazingira haya ya lugha. Ilitakiwa alama ya mtu anayefanya jambo.

4.0 Kutoka Mshumaa Hadi Mwenge

Alama hiyo ilizaliwa katika hotuba. Tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Dar es Salaam, Julius Nyerere alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha taa na kuiweka juu ya Mlima Kilimanjaro, imulike hata nje ya mipaka yao, na kuwapelekea matumaini, upendo na heshima waliokosa mambo hayo. Hotuba ilitolewa kwa Kiingereza, na neno alilolitumia Nyerere kwa taa hiyo lina maana ya mshumaa. Kiswahili hakikuuchukua mshumaa. Kilichukua mwenge.

Wanafunzi wa tafsiri watatambua kwamba hapa hapakuwa na usawa wa maneno. Mshumaa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mwanga wa ndani ya nyumba: wa meza, wa msalani, wa kusomea. Huwashwa mahali palipokingwa, na upepo mdogo huuzima. Mwenge ni neno la Kibantu, nalo liko katika ngeli ya mti na miti kama mnara: mwenge, mienge. Ni kifungu cha makuti makavu au nyasi au vijiti kinachowashwa upande mmoja ili mtu aone njia usiku. Mwenge ni mwanga wa nje. Hubebwa juu, huhitaji mkono, nao upepo huuchochea badala ya kuuzima. Tena mwenye mwenge hajimulikii peke yake. Wanaomfuata nyuma huona pia.

Kwa hiyo tafsiri hii haikupoteza maana, bali iliitimiza. Mshumaa juu ya Kilimanjaro ni taswira nzuri ya kishairi ambayo haiwezi kutekelezwa. Mwenge juu ya Kilimanjaro ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanya, na lilifanyika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, wakati taa za Uwanja wa Taifa zilipozimwa, bendera ya Uingereza ikateremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya mlima na bendera na mwenge. Kilele kile, ambacho mwaka 1889 Hans Meyer alikuwa amekipa jina la mfalme wa Ujerumani, kikaitwa Uhuru. Mlima wenye urefu wa mita 5,895 ukawa, kwa kubadilishwa jina tu, mnara mrefu kuliko wowote ambao ungeweza kujengwa. Na kwa kuwa mnara, katika asili ya neno, ni mahali pa mwanga, mwenge ulipofika kileleni neno lilirudi katika maana yake ya kwanza.

Jina la ukoo la luteni huyo nalo linastahili kutajwa. Nyirenda ni jina linalojulikana sana upande wa kaskazini ya Malawi na mashariki ya Zambia. Mkono uliopeleka mwanga wa Tanganyika mlimani ulikuwa na jina ambalo makazi yake yako pande zote za mipaka ambayo mwanga huo ulitakiwa kuivuka.

5.0 Ukumbusho Unaotembea

Mwenge ungeweza kuishia mlimani na katika nguzo ya Mnazi Mmoja. Haukuishia huko. Kwanza, uliingia katika Ngao ya Taifa, ambako unawaka katika sehemu ya juu ya ngao, juu ya mlima Kilimanjaro na maneno Uhuru na Umoja. Kwa njia hiyo uliingia katika kila barua ya serikali, kila cheti na kila pasipoti. Mtoto wa Ndalambo aliyepokea cheti cha shule amekuwa na mfano wa mwenge nyumbani kwao, hata kama hakuitazama ngao kwa makini.

Pili, kuanzia mwaka 1964 Mwenge wa Uhuru ulianza kukimbizwa nchini. Mbio hizo zilikuwa kwa muda mrefu chini ya chama tawala; baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 zilihamishiwa serikalini. Siku hizi huzinduliwa katika mkoa mmoja na kufikia kilele katika mkoa mwingine tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, baada ya kupita katika halmashauri zote. Mwaka 2019 zilizinduliwa katika Mkoa wa Songwe wenyewe. Mwaka 2020 hazikufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19.

Lugha ya mbio hizi inahitaji kuchunguzwa. Kitenzi kinachotumika ni kukimbiza. Kwa umbo ni usababishi wa kimbia, lakini katika matumizi kina maana zaidi ya moja. Mtu humkimbiza mwizi, yaani humfuata ili amkamate. Na mtu humkimbiza mgonjwa hospitali, yaani humpeleka kwa haraka kwa kuwa anahitaji kufikishwa. Kukimbiza Mwenge ni kwa maana hii ya pili. Kinachokimbizwa kina thamani na kinangojewa. Kisha hufuata msamiati mzima wa mapokezi: Mwenge hupokewa, hukabidhiwa, hukesha. Mkesha ni neno la ibada na la matanga, nalo limehamia hapa bila kuleta mgongano.

La kushangaza zaidi ni kwamba Mwenge katika sentensi za Kiswahili hutenda. Vyombo vya habari na viongozi husema Mwenge umezindua mradi wa maji, Mwenge umeweka jiwe la msingi la darasa, na hata kwamba Mwenge umekataa kuzindua mradi uliojengwa chini ya kiwango. Hakuna anayesema kuwa mnara wa Mnazi Mmoja umekagua hesabu. Upatanisho wa kisarufi haukubadilika: Mwenge unabaki katika ngeli yake, umezindua, haukuwa amezindua, kama ambavyo ingekuwa iwapo ungechukuliwa kuwa kiumbe hai. Lakini kimaana umekuwa mtenda. Na kitenzi kuzindua chenyewe kina maana ya awali ya kumwamsha aliyelala au aliyezimia. Ukumbusho wa uhuru umepewa kazi ya kuamsha.

Hapa ndipo pana nguvu yake, na hapa pia pana hatari yake. Kwa upande wa nguvu, hakuna nchi jirani ambayo mnara wake wa uhuru huenda kwa wananchi. Kwa upande wa hatari, kitu kinachotenda kwa niaba ya dola huanza kuonekana kuwa ni dola. Bungeni na magazetini kumekuwa na mjadala wa miaka mingi kuhusu gharama za mbio na michango inayokusanywa kwa ajili ya mapokezi. Hoja za pande zote mbili zina uzito. Kwa mtazamo wa lugha, kilicho dhahiri ni kwamba katika mjadala huo neno Mwenge hutajwa mara nyingi na miradi, hesabu na ukaguzi, ilhali sehemu ya pili ya jina lake, wa Uhuru, huachwa. Jina refu limefupishwa, na kilichokatwa ni ukumbusho wenyewe.

6.0 Ndalambo na Ng'ambo ya Mpaka

Maneno nje ya mipaka yetu, yaliyotamkwa Dar es Salaam mwaka 1959, yalikuwa na maana tofauti kwa kadiri ya mahali msikilizaji alipo. Kwa mtu wa Dar es Salaam mpaka ni mstari katika ramani. Kwa mtu wa Ndalambo, ambayo wakati huo ilikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, mpaka ulikuwa jirani, na ng'ambo yake kulikuwa na ndugu. Mstari huo ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, nao uliwakata Wanyamwanga, baadhi wakawa upande wa Tanganyika na baadhi upande wa Isoka na Nakonde. Vita Kuu ya Kwanza ilipita huko: mwanzoni mwa Novemba 1918 majeshi ya Lettow-Vorbeck yalikuwa Fife, kituo cha Waingereza ng'ambo ya Tunduma, na tarehe 25 Novemba yalisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Askari na wapagazi waliokumbukwa kwa shaba mjini Dar es Salaam walimaliza vita yao katika ukanda huu wa mpaka.

Mwaka 1961, bendera ilipopandishwa, upande wa pili ulikuwa bado Rhodesia ya Kaskazini, ndani ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Kwa takriban miaka mitatu, hadi tarehe 24 Oktoba 1964, watu wa lugha moja walikuwa wengine huru na wengine watawaliwa, na umbali baina yao ulikuwa wa kutembea. Taswira ya mwenge unaomulika ng'ambo haikuwa ya kishairi hapa. Ilikuwa hali ya ujirani.

Ng'ambo hiyo wapigania uhuru walikuwa na neno lao la mwanga: kwacha, yaani kumekucha. Neno hilo, linalotumika katika lugha za Zambia na Malawi, ni ndugu wa damu wa kitenzi cha Kiswahili -cha, kile cha kumekucha na usiku kucha. Lilikuwa wito wa mikutano ya hadhara kabla halijawa jina la fedha ya Zambia mwaka 1968. Katika Kibemba uhuru wa nchi huitwa ubuntungwa, neno lililojengwa juu ya mtu asiye mtumwa, kama ilivyokuwa kwa uhuru. Hivyo pande mbili za mpaka mmoja zilikuwa na fikra moja ya giza na nuru, zikaitamka kwa namna mbili. Alfajiri huwafikia wote kwa pamoja, nayo haina mbebaji. Mwenge hufika pale tu ulipopelekwa. Mataifa haya mawili yalifanya uchaguzi tofauti wa taswira, na uchaguzi wa Tanganyika ulikuwa pia ahadi ya kazi.

Ahadi hiyo ilipata mwili wa chuma. Baada ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini kujitangazia utawala wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kwenda baharini, na kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa kwa msaada wa China reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inayovuka mpaka Tunduma. Wananchi waliiita Reli ya Uhuru. Iwapo mtu wa Ndalambo atatafuta mnara wa uhuru ulio karibu naye, uliojengwa kwa mikono na unaoonekana kwa macho, na auangalie huo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wala reli wala mbio hazikulifanya. Mwenge ulifika ukizungumza Kiswahili. Risala husomwa kwa Kiswahili, wito huitikiwa kwa Kiswahili, na jiwe la msingi huandikwa kwa Kiswahili. Hapana shaka kwamba hii ni sehemu ya mafanikio makubwa ya taifa: bila lugha moja, mwenge ungekuwa moto tu. Lakini Kinyamwanga kilikuwapo usiku ule wa 1961. Habari za uhuru zilipofika katika vijiji vya mpakani zilisimuliwa nyumbani kwa lugha ya nyumbani, na walioulizwa maana ya neno hili jipya la uhuru waliieleza kwa maneno waliyokuwa nayo. Maelezo hayo hayamo katika jiwe lolote. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii, ikisomwa pamoja na historia ya neno uhuru, inakuwa onyo la wazi kwa wanaisimu. Uhuru unaokumbukwa kwa lugha moja tu umeacha nje sehemu ya watu wake.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba ukumbusho wa uhuru wa Tanzania umo zaidi katika maneno na mwendo kuliko katika jiwe. Mnara wa Mnazi Mmoja unasimama kwa haki katika mapokeo ya minara ya pwani, na mwenge ulio juu yake unaurudishia neno mnara nuru yake ya asili. Lakini ni uamuzi wa Kiswahili wa kuuacha mshumaa na kuushika mwenge uliowezesha ukumbusho huo kutoka mjini na kuwafikia watu wa Momba na wilaya nyinginezo. Uamuzi huo ulileta wajibu: kinachobebwa huhitaji wabebaji.

Wajibu wa wanafunzi wa lugha ni mahususi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano mwaka 1961 sasa ana takriban miaka themanini. Yeye ndiye wa mwisho anayeweza kusema katika Kinyamwanga, au katika lugha nyingine yoyote ya mpakani, jinsi neno uhuru lilivyoelezwa nyumbani kwao lilipofika kwa mara ya kwanza, na ndugu wa ng'ambo walivyolipokea. Kazi ya kumrekodi haihitaji mnara wala bajeti kubwa. Inahitaji mtafiti mwenye daftari, kinasa sauti na heshima ya kukaa na wazee, ambaye atayaandika maneno yao katika lugha yao kwanza, kisha katika Kiswahili. Kazi hiyo ikifanyika Ndalambo, na ikafanyika katika kata nyingine za mpakani, ukumbusho wa uhuru utakuwa umepata sehemu yake iliyokosekana. Isipofanyika katika miaka hii michache iliyobaki, hakutakuwa na wa kumuuliza.